Jino Lina Ufa? Tusikimbilie Kung'oa

 Ujumbe huu ni kwenu, dada na mama zetu mlioko Bumbire, Goziba, Ikuza, Mazinga na Kerebe, na ninyi mliohamia Bukoba mjini, huku Bilele na kwingineko, ambao kila mkitazama ziwa mnakumbuka nyumbani.

Leo tuzungumze habari ya meno. Tunajua wengine mtasema, jamani, kwenye shida zote hizi ndiyo mmeona meno? Tuvumilieni kidogo. Tunaanza na yaliyompata mmoja wetu. Ametuomba tusiseme jina lake, lakini anataka mjue.

Kwa miezi minane alikuwa anatafunia upande mmoja. Akila ndizi laini, hakuna shida. Siku akikutana na punje ngumu kwenye maharage, au akitafuna kahawa ile tunayomkaribishia mgeni, kitu kama sindano kinampiga kwenye gego mpaka sikioni, halafu kinaondoka kana kwamba hakikuwepo. Maji ya baridi nayo yakawa adui. Akajitazama kwenye kioo: hakuna tundu, hakuna weusi, fizi hazijavimba. Akajiambia, itapita.

Haikupita. Akapanda boti akavuka kuja bara. Kituo cha kwanza alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa meno yake ni mazima, akapewa vidonge vya maumivu. Alipoenda kituo kingine, aliulizwa jino gani linauma. Akanyoosha kidole, na lile alilolionyesha likang'olewa. Akarudi kisiwani akiwa na pengo. Wiki iliyofuata alipotafuna upande ule, sindano ikampiga palepale. Jino lililokuwa likiuma lilikuwa jirani ya lile lililong'olewa.

Safari ya tatu alikutana na daktari wa meno ambaye hakukimbilia koleo. Alimpa kijiti ang'ate, jino moja baada ya jingine, na kwenye kila kilima cha jino. Alipofika kwenye gego lenye shida, mwenzetu aliruka kwenye kiti, na kilichomuuma zaidi kilikuwa ni kuachia, siyo kung'ata. Daktari akawasha taa ndogo akaimulika ubavuni mwa jino. Mwanga ukaingia, ukafika katikati, ukakata. Pale ulipokatika ndipo ufa ulipokuwa.

Leo anatafuna vizuri. Lakini jino moja zima limekwenda na halirudi, na anapolizungumzia macho yake bado yanalengwa na machozi.

Msimamo wetu

Tunasema hivi: jino linalouma wakati wa kutafuna lising'olewe kabla halijapimwa kama lina ufa. Na sisi wanawake tujifunze kukiomba kipimo hicho kwa adabu lakini bila woga. Tunajua kutibu jino lenye ufa kunaweza kuwa na gharama, na tutalizungumzia hilo. Lakini kulitambua hakuhitaji mashine kubwa. Mwanzo wake ni masikio ya kumsikiliza mgonjwa, kijiti, taa na subira ya dakika chache. Hivyo havipaswi kukosekana mahali popote penye kiti cha meno.

Kwa nini ufa unajificha?

Sehemu ya nje ya jino, ile nyeupe, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Lakini haina chembe hai za kujirekebisha. Mfupa ukivunjika unaunga. Jino likipata ufa haliungi, hata likingojewa mwaka mzima. Kila unapotafuna, pande mbili za ufa zinaachana kidogo sana, na ukiachia zinarudiana kwa ghafla. Mchezo huo unasukuma majimaji yaliyo ndani ya vijitundu vya jino na kugusa mishipa ya fahamu katika kiini. Ndiyo maana maumivu ni makali na mafupi, na mara nyingi huja wakati wa kuachia. Ndiyo maana pia mgonjwa anashindwa kusema kwa uhakika ni jino lipi, na wakati mwingine hata hajui kama ni la juu au la chini.

Na picha? Fikiria vioo viwili vilivyobanwa pamoja, kimoja mbele ya kingine. Ukivitazama kwa mbele huoni mpaka ulio kati yao. Nyufa nyingi za magego hukatiza kutoka upande wa mbele wa jino kwenda nyuma, na mionzi ya eksirei inazipitia kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo picha ni ya lazima kuangalia mzizi, mfupa na matundu yaliyofichika, lakini picha safi haimaanishi kwamba hakuna ufa. Mwanamke akiambiwa "picha haionyeshi kitu", asirudi nyumbani akidhani anajidekeza.

Madaktari wenyewe tatizo hili liliwasumbua kwa muda mrefu. Ni mwaka 1964 ambapo daktari wa Marekani aitwaye Cameron alilipa jina la dalili za jino lenye ufa katika jarida la madaktari wa meno la nchi hiyo. Kama wenye vitabu na mashine lilikuwa likiwapiga chenga, si ajabu likitupiga chenga sisi.

Mbali na kijiti na taa, daktari anaweza kupaka rangi maalumu inayoingia kwenye ufa na kuuonyesha. Anaweza kugusisha pamba yenye baridi kali ili ajue kama kiini bado kiko hai. Atapima fizi kuzunguka jino kwa kifaa chembamba, kwa sababu mfuko mwembamba unaozama sana sehemu moja tu unaweza kumwambia kwamba ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi. Jino likiwa na kizibo cha zamani, huenda akakitoa ili aone chini yake. Hayo yote ni ya mikono ya daktari. Wewe nyumbani usijipime kwa kung'ata kijiti au mfupa, unaweza kumalizia kulipasua.

Tunayapasua wenyewe bila kujua

Tukiwa wakweli, mengi yanatokea mikononi mwetu. Nani hajafungua soda kwa meno? Nani hajakata uzi wa nyavu kwa meno kwa sababu kisu kiko mbali? Dagaa tunaowaanika mchangani wanabeba chembe za mchanga, na mchele au maharage yasiyochaguliwa vizuri yana vijiwe. Kahawa ya kutafuna ni heshima yetu na hatusemi tuiache, ila tuilainishe mdomoni kwanza, tusiipasue kwa gego lenye kizibo kikubwa. Gego lililowahi kuzibwa tundu kubwa limebaki na kuta nyembamba, na hilo ndilo hupasuka kwa urahisi.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu zaidi: kusaga meno usingizini. Maandiko yanataja kusaga meno kama alama ya uchungu mkubwa, na wanaotibu meno wanajua kwamba hofu na msongo huwafanya watu wabane taya usiku kucha. Mwaka 2021, baada ya miezi mingi ya janga la korona, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwauliza madaktari wake, na zaidi ya nusu walisema wanaona wagonjwa wengi zaidi wenye meno yaliyopasuka na wanaosaga meno. Sisi hatukungoja korona. Mwanamke ambaye mume wake ameingia ziwani jioni na upepo umebadilika saa nane za usiku, huyo analala vipi? Ukiamka taya zimechoka, kichwa kinauma pembeni, na mwenzako anakuambia ulikuwa unasaga meno, mwambie daktari. Ipo kinga ya kuvaa mdomoni usiku inayozuia meno yasigongane. Na mzigo ulio moyoni tafuta wa kumshirikisha. Sala haizuii mtu kuwa na rafiki wa kuzungumza naye.

Matibabu yanategemea ufa umefika wapi

Siyo kila mstari kwenye jino ni ugonjwa. Watu wazima wengi wana mistari myembamba kwenye weupe wa jino isiyouma na isiyohitaji chochote. Hiyo usiiogope.

Kikivunjika kilima kimoja cha jino, mara nyingi kinajengwa kwa kuziba au jino linavikwa kofia. Ufa ukiwa umeingia ndani lakini jino halijagawanyika, kazi ya kwanza ni kulifunga pande zote ili zisiachane tena, na kofia ndiyo kifungo kinachotumika zaidi. Kiini kikiwa kimeshaumia, yaani maumivu yanakuja yenyewe, yanakuamsha usiku, au baridi na moto vinauma kwa muda mrefu, basi kinasafishwa na mizizi inazibwa kwanza, ndipo jino livikwe kofia. Jino likiwa limegawanyika vipande viwili, au ufa umeshuka chini kwenye mzizi, kwa kawaida hapo linang'olewa, na aliyeling'oa amefanya kazi sahihi.

Mmeona tofauti? Katika hatua za mwanzo jino linaweza kuokolewa. Tukingoja, ufa unaendelea kushuka kidogo kidogo kwa kila mlo, na siku moja nafasi hiyo inakwisha. Hata jino lililotibiwa halina dhamana ya milele, maana ufa ungali pale, umefungwa tu. Daktari mwema atakuambia hivyo kabla hujalipa.

Vidonge haviunganishi ufa. Diklofenaki inayouzwa dukani kama pipi inatuliza, lakini ukiinywa wiki kwa wiki inadhuru tumbo na figo. Mjamzito asijinywee diklofenaki wala ibuprofeni bila kuambiwa na daktari, hasa mimba ikishapita wiki 20. Amoksilini nayo haina kazi kwenye jino linalouma kwa sababu ya ufa wakati hakuna uvimbe wala homa. Kuna wanaoweka spiriti, tumbaku, au aspirini iliyosagwa juu ya fizi. Vitu hivyo vinaunguza nyama ya mdomo na ufa unabaki vilevile.

Kwa wajawazito tuseme wazi, maana uvumi ni mwingi: mimba haimzuii mtu kutibiwa jino. Ganzi ya kawaida ya meno inaweza kutumika kwa mjamzito, na miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi ya kukaa kwenye kiti. Mwambie tu daktari kwamba una mimba na ni ya miezi mingapi. Na ule uvumi kwamba jino la juu likitibiwa mtu anapofuka, tuuache mwaloni.

Jambo moja lisingoje kabisa. Uvimbe ukitokea chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza vizuri, kufungua kinywa au kupumua, au ukapata homa kali, hiyo ni dharura. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Hapo usingoje siku ya gulio. Tafuteni boti salama na mfike hospitali.

"Kung'oa ni rahisi, jino likitoka na shida imetoka"

Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu wanaoisema ni mama zetu na wanasema kwa uzoefu. Kung'oa ni safari moja na pesa kidogo. Kuokoa jino kunaweza kuwa safari mbili au tatu, nauli ya boti kila mara, mahali pa kulala, mtu wa kubaki na watoto, na biashara ya dagaa imesimama. Mwanamke aliyeelezwa yote, akapiga hesabu yake, akaamua ling'olewe, hatumlaumu hata kidogo. Hayo ni maamuzi yake.

Tunacholalamikia ni kung'olewa bila kuelezwa. Na hesabu yenyewe ifanywe yote. Gego likitoka, majirani wake huanza kuegemea pengo, na lililokuwa likikutana nalo kwa juu au kwa chini huota kupita kiasi kwa kukosa mwenzake. Kazi ya kutafuna inahamia upande mmoja, na mzigo ukizidi hata meno yale nayo yanaweza kupasuka. Aliyeng'oa moja kwa sababu ya bei, miaka michache baadaye anaweza kuwa analipia la pili na la tatu.

Mithali sura ya 25 inamfananisha mtu asiyeaminika siku ya taabu na jino lililovunjika. Aliyeandika vile alijua maumivu yake: jino unaliamini na chakula chako, halafu linakusaliti ukiwa katikati ya kula. Sisi tunaongeza jambo moja tu. Mwili ni amana. Jirani zetu Waislamu wanapiga mswaki kabla ya swala kwa sababu wanaamini usafi wa kinywa ni sehemu ya ibada, na Wakatoliki kila tarehe 9 Februari wanamkumbuka Mtakatifu Apolonia, shahidi wa Aleksandria aliyepigwa mpaka meno yakavunjika, anayeombwa na wenye maumivu ya meno. Imani zetu zote zimelitazama jino kama kitu chenye thamani. Kwa nini sisi tulitupe kwa haraka?

Tunachoomba, na tunachoweza kufanya

Kwa wanaotuhudumia: wataalamu wa meno waje visiwani kwa ratiba inayojulikana, iliyobandikwa zahanati na kutangazwa kanisani na msikitini, siyo siku ya kampeni peke yake. Siku ya kliniki ya wajawazito na watoto, mama akishapimwa uzito na presha, aangaliwe na kinywa. Anayelalamika maumivu ya kutafuna apewe barua ya rufaa inayoeleza hivyo, ili akifika Rubya, Ndolage, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba asianze kusimulia upya. Mwezi Mei 2021 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kutaka afya ya kinywa iwe sehemu ya huduma za msingi za afya. Maneno hayo mazuri yavuke maji yatufikie.

Kwetu sisi: vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Tukubaliane kwamba jino nalo ni ugonjwa. Mkopo mdogo wa kuokoa jino ni bora kuliko mchango mkubwa wa kumkimbiza mtu hospitali shingo ikiwa imevimba. Wenye bima waulize mapema, kabla ya kupanda boti, bima yao inalipia nini kwenye meno na nini hailipii, na wapige simu kuuliza kama mtaalamu yupo siku hiyo.

Na ukishaketi kwenye kile kiti, dada yetu, sema mambo haya kwa sauti yako: maumivu yalianza lini; yanakuja ukitafuna, ukiachia, au ukinywa baridi; yanakaa muda gani; jino hilo liliwahi kuzibwa au la. Kisha uliza: "Daktari, inawezekana jino lina ufa? Utanipima ni jino lipi hasa kabla hujaling'oa?" Daktari anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Mara nyingi atafurahi, maana umemrahisishia.

Mwenzetu aliyetupa habari hii anasema laiti angelijua swali hilo mapema, angekuwa na meno yake yote leo. Kwa hiyo mfikishie na mwingine, hasa yule shangazi anayekula upande mmoja na kusema ni uzee.

Mungu atulinde ziwani na nchi kavu, na atujalie kutafuna chakula chetu kwa amani. Amina.